Watoto wanakula sima, baada ya saa mbili wanalia njaa

Assalamu aleikum, ndugu zangu wa safu ya ushauri.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Maweni, Malindi. Nyumbani tuko saba: mimi, baba watoto, mavyaa wangu mwenye miaka 73, na watoto wa miaka 11, 7, 4 na kitinda mimba wa miezi 14 ambaye bado ananyonya. Nyumba ni ya mavyaa, kwa hivyo kodi hatulipi, alhamdulillahi.

Mume wangu huenda bahari kwa mashua ya mtu. Wakati wa Kaskazi mambo si mabaya, lakini tangu Kusi ianze mwezi wa Aprili huingia baharini siku tatu kwa wiki, nyengine mbili. Kwa wiki huleta kama 1,500. Mimi hufulia watu nguo siku mbili, 400 kwa siku. Jumla 2,300.

Matumizi ya kila siku ni haya: unga vibaba vitatu vya nusu kilo, kila kimoja 45, ni 135. Makaa mikebe miwili 100. Sukari robo 40, majani ya chai 10, mafuta ya kupima 30, sukuma wiki 20, nyanya na kitunguu 20, maji mitungi miwili 20. Asubuhi tunakunywa sturungi, chai isiyo na maziwa, mchana uji mwepesi, usiku sima na sukuma. Watoto wanakula wakashiba, na baada ya saa mbili wanalia njaa tena. Mkubwa ameanza kulala darasani.

Mume wangu akitoka bahari hupewa kitoweo, changu mmoja au wawili. Tunawauza, 150 kila mmoja, na pesa hizo zimo ndani ya hizo 1,500. Mavyaa husononeka, husema nyumba ya mvuvi haina samaki. Nimejaribu maharagwe mara mbili, kilo ni 150. Yalimaliza makaa ya shilingi 100 na bado yalikuwa magumu kama kokoto, nikaacha. Najua gorogoro la mahindi ni 120 na kusaga 10, dagaa wakavu kikombe ni 50, mafuta lita nzima 260, lakini pesa ya pamoja sina. Dukani nadaiwa 3,600 na mwenye duka ameanza kubadilisha uso. Na huyu mdogo, kadi yake ya kliniki inaonyesha kilo 7 na nusu tangu mwezi wa Mei, haongezeki.

Nifanye nini, nikaanzie wapi?

Mama wa wanne, Maweni

JIBU

Waaleikum salaam, dada. Tuanze na huyo wa miezi 14. Mengine yote katika barua yako yanaweza kungoja wiki moja, yeye hawezi.

Uzani uliosimama miezi miwili ni sababu tosha ya kumpeleka kliniki kesho asubuhi, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Zahanati na vituo vya afya vya serikali havitozi ada tangu 2013. Waambie wampime mkono kwa ule utepe wa rangi, katikati ya bega na kiwiko. Chini ya sentimita 12.5 ana utapiamlo na anastahili kuandikishwa kwenye mpango wa lishe. Chini ya 11.5 ni hatari, huanzishiwa matibabu papo hapo. Na usiku wa leo, kabla hajalala, mbonyeze kwa kidole gumba kwenye mgongo wa kila mguu, si upande wa kukanyagia, ukihesabu moja, mbili, tatu polepole. Ukiondoa kidole na vishimo vikabaki miguu yote miwili, mpeleke hospitali usiku huohuo. Mtoto wa namna hiyo huonekana mnene, watu wakamsifu, kumbe ni maji yamemjaa mwilini.

Nyumbani, la kwanza ni bakuli lake mwenyewe. Kwenye sinia moja na ndugu zake hawezi kushindana: wa miaka 4 ameshameza matonge matatu, yeye bado analigeuza la kwanza mdomoni. Umri wake anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku, kila mara robo tatu ya kikombe cha mililita 250 hadi kikombe kizima, na katikati kitu kidogo kama kipande cha muhogo uliochemshwa au ndizi. Ziwa usimkatize mpaka afike miaka 2.

La pili ni ule uji mwepesi. Unamjaza maji. Tumbo lake ni dogo, likishajaa halina tena nafasi ya chakula. Uji wake uwe mzito, ukiinua kijiko ubaki juu yake. Akikataa kwa kuwa unamkaba, tumia kimea: roweka wimbi usiku mmoja, lifunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili mpaka lichipue, lianike likauke kabisa, kisha lisage. Kijiko kimoja cha chai ndani ya uji mzito uliopoa kidogo, koroga, na baada ya dakika chache utauona unalegea wenyewe bila kuongezwa maji. Urudishe motoni uchemke kabla ya kumpa. Tumia wimbi, usitumie mtama, kwa kuwa machipukizi ya mtama yana sumu. Penye ukungu, tupa.

La tatu ni dagaa. Wapepete mchanga utoke, waoshe kwa maji vuguvugu, wakaushe, wakaange bila mafuta mpaka wakatike kwa vidole, kisha uwatwange na kichwa chote na miiba mpaka wawe vumbi. Kijiko kimoja cha mezani kwenye bakuli lake mchana na kimoja usiku, pamoja na kijiko cha chai cha mafuta. Dagaa wazuri wana rangi ya fedha. Waliogeuka manjano na kunuka mafuta ya zamani waache kwa muuzaji. Ng'onda, samaki aliyekaushwa kwa chumvi, asipewe, chumvi yake ni nyingi mno kwa mtoto. Na sturungi asipewe kabisa, hata akiililia. Chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na mtoto huyu hana chuma cha kupoteza.

Sasa hesabu. Matumizi yako ni 375 kwa siku, yaani 2,625 kwa wiki, na mapato ni 2,300. Kila wiki zinapungua 325. Zidisha kwa wiki 11 tangu Kusi ianze, upate 3,575. Ndilo deni lako lote hilo, karibu shilingi kwa shilingi. Hukufuja kitu, dada. Mwenye duka amekuwa akiziba pengo la bahari.

Watoto nao hawalii kwa ulafi. Kilo moja na nusu ya unga kwa watu saba ni kama gramu 214 kwa kila mtu kwa siku. Mgao wa kawaida wa chakula cha msaada huwa karibu gramu 400 za nafaka, 60 za maharagwe au kunde, na 25 za mafuta. Kwa hivyo nafaka mnakula nusu, na maharagwe hamna kabisa. Sima na sukuma peke yake hupita tumboni haraka. Kinachokaa ni chenye protini na mafuta, kwa hivyo maharagwe uliyoyaacha ndiyo tunataka uyarudie. Yalikushinda kwa sababu zinazojulikana.

Ya kwanza huenda ni maji. Maji ya kisima ya Malindi mengi yana chumvichumvi, na maji magumu huchelewesha maharagwe kulainika. Ya kupikia maharagwe yawe ya mfereji, ya kisima yaoshee vyombo. Ya pili ni umri wa maharagwe yenyewe. Yaliyokaa ghalani msimu mzima katika joto letu hayalainiki hata uyachemshe mchana kutwa. Tazama ngozi: ikiwa imefifia na kukunjana, nunua robo kwanza uyajaribu. Ya tatu, nyanya, ndimu na ukwaju hutiwa mwisho. Ukivitia mapema, ule ukali huyafanya magumu. Magadi huyalainisha upesi, lakini huharibu vitamini, kwa hivyo tusingependa uyazoee.

Pika kilo nzima kwa mara moja, mara mbili kwa wiki. Jioni yachague, yaoshe, yaroweke kwa lita tatu za maji. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mapya yapite juu ya maharagwe kwa vidole vitatu, yabandike kwenye jiko na uyaache yachemke kwa nguvu dakika 30. Zihesabu dakika hizo, hasa kwa maharagwe mekundu. Yana sumu inayovunjwa na mchemko mkali tu, na yakipikwa kwa moto mdogo bila kuchemka huharisha na kutapisha nyumba nzima.

Baada ya hapo yatoe motoni, kwa kuwa joto yalilonalo linatosha kuyaivisha likizuiwa lisitoke. Tafuta kapu kubwa la ukili, hata lililochakaa. Tandika ndani nguo kuukuu au majani makavu ya mgomba, unene wa kiganja, chini na pande zote, ubaki na shimo la sufuria kukaa likabane. Ondoa sufuria motoni ikiwa bado inatokota, mfuniko wake ukiwa umekaa sawa, iweke ndani, ifunike kwa mto au kanga zilizokunjwa, na uiache saa nne. Ukirudi kutoka kufua, yatie kitunguu, yarudishe motoni yachemke dakika kumi. Mkebe mmoja wa makaa unatosha kwa yote hayo.

Kapu huwaangusha watu kwa mambo matatu. Sufuria iliyojaa nusu haina joto la kutosha, ndiyo maana tunasema kilo nzima. Kufunua kuchungulia hutoa mvuke, na ukishautoa haurudi. Na nguo zikilowa maji hazizuii tena joto, zianike kila baada ya kupika. Wali nao hupikika humo: chemsha dakika tano, tia kapuni kwa saa moja.

Maharagwe ya kilo moja yatawatosha jioni mbili. Friji hamna, basi teka ya leo pekee ndiyo uyaunge kwa tui. Yaliyobaki yasiguswe na nazi, nazi haichelewi kuchacha. Yachemshe asubuhi na jioni, upawa uwe safi, na siku ya tatu yasifike. Nazi moja kwa wiki, tui zito na la pili, hutosha jioni mbili kati ya nne za maharagwe ukilikamua vizuri. Ukikosa maharagwe mapya, nunua pojo, yaani choroko. Hata zikizidi bei kidogo kwa kilo, huiva kwa dakika 40 bila kurowekwa, na makaa unayookoa ni pesa.

Tukiwa bado kwenye makaa: 700 kwa wiki ndiyo fungu lako kubwa baada ya unga, na makaa hayaliwi. Kwa kapu, na kwa kuwasha jiko mara moja kwa siku badala ya tatu, unaweza kushuka mpaka 350. Kusanya vifuu vya nazi kwa wauza tui, moto wake ni mkali. Vumbi linalobaki chini ya gunia la muuza makaa aghalabu hutupwa, liombe. Sehemu tatu za vumbi kwa moja ya udongo wa mfinyanzi, maji kidogo, finyanga madonge ya ukubwa wa ndimu, yaanike siku tatu au nne za jua. Huchelewa kushika lakini huchelewa pia kuisha. Usiyawashe ndani na mlango umefungwa.

Unga sasa. Kwa kibaba unalipa 90 kwa kilo. Gorogoro lina kilo 2 na robo hivi, na pamoja na kusaga ni 130, yaani kama 58 kwa kilo. Pesa ya pamoja unayo siku mbili kwa wiki, siku za kufua. Siku hiyo, kabla hujapita dukani, nunua magorogoro mawili, 260 na kusaga ndani yake, na zibaki 140 za mambo mengine. Ni kilo 4 na nusu, zaidi ya mahitaji yenu ya siku mbili, na kile kinachozidi ndicho mtaji wako. Baada ya wiki tatu hivi utakuwa umetoka kwenye kibaba. Mahindi yasage bila kukobolewa, ya wiki moja tu, kwa sababu kile kiini chake kina mafuta na unga wake huchacha mapema. Kabla ya kununua, omba konzi moja, litie kwenye chupa kavu na chumvi kavu, litikise. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi ni mabichi na yatashika ukungu. Yenye ukungu msile hata kwa kuosha, sumu yake haiondoki kwa kupika.

Kuhusu changu, hapa tunakutetea. Changu wa nusu kilo, ukiondoa kichwa na miiba, ana protini kama robo ya ile iliyo katika kilo ya maharagwe, na bei ni moja. Kumuuza si kosa. Lakini akiuzwa aje na maharagwe, asiishie kwenye sukari. Sukari na majani ya chai vinakula 350 kwa wiki. Teremka mpaka nusu kilo ya sukari, 80, na majani ya 30. Chai iwe mara moja kwa siku, mbali na chakula kwa saa moja. Mavyaa ataona uzito, na ni haki yake, basi wiki ambayo bahari imeleta zaidi ya 1,500, changu mmoja abaki nyumbani apikwe kwa ukwaju, kichwa chake yeye. Mweleze mapema, kabla sukari haijapungua.

Kwa bei zako mwenyewe, wiki inakuwa hivi: mahindi magorogoro sita na kusaga 780, maharagwe kilo mbili 300, dagaa vikombe viwili 100, mafuta lita moja 260, makaa 350, sukari na chai 110, mboga 140, nyanya na vitunguu 80, nazi 40, maji 140. Ni 2,300 kamili. Panda mchicha kwenye magunia mawili ya udongo na samadi, umwagie maji ya kuoshea mboga, na baada ya wiki nne mboga za kununua zitashuka mpaka nusu, ubaki na 70. Pembeni chomeka marando ya viazi vitamu upate matembele, hayo hayachagui msimu. Ukiyaunga, kamulia ndimu, husaidia mwili kuvuta chuma kilicho ndani ya majani na maharagwe.

Hatutakuficha: nafaka itapanda mpaka gramu 275 kwa mtu, na bado haijafika 400. Ujanja wa jikoni una mwisho wake. Ndiyo maana tumesoma mara mbili pale uliposema mavyaa ana miaka 73. Inua Jamii, mpango wa serikali, huwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi 2,000 kwa mwezi. Ikiwa hajaandikishwa, mwende kwa naibu wa chifu na kitambulisho chake, muulize usajili, na mkiambiwa mngoje, mwombe jina liandikwe na mrudi. Pesa ni zake, lakini akiridhia kutoa 1,000 jikoni, hizo ni magorogoro saba na ushee ya unga. Msikitini pia kuna zaka, na ninyi ni katika wanaostahili. Mume wako amwone imamu mwenyewe.

Mwenye duka usimkwepe. Nenda wakati hana wateja, umwombe afunge ukurasa wa 3,600 na usiandike tena kitu chini yake. Kuanzia mchicha ukiota umpe 70 kila wiki, siku ileile ya kufua. Kutoka Agosti mpaka katikati ya Oktoba ni wiki kumi, 700. Bahari ikitulia mumeo atoe 300 kwa wiki, na 2,900 zilizobaki zinaisha kwa wiki kumi nyengine. Mwambie hesabu hiyo kwa mdomo, wiki kwa wiki, naye aiandike kitabuni mbele yako.